Mtihani wa Kushika

Katika darasa zima la wasaidizi wa tiba ya viungo, hakuna aliyekuwa na mikono kama ya Jacktone Ochieng. Mwalimu wao, Madam Jerusha Nchagwa, alikuwa amelisema hilo mbele ya wote, naye Madam hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Kwa miezi miwili, katika chumba cha mazoezi cha chuo chao mjini Migori, wanafunzi walikuwa wameigiza kiharusi kwa zamu. Huyu alilegea upande wa kulia, yule akapinda mdomo, na mwenzao akajitahidi kumwinua kitandani, kumketisha na kumsimamisha. Liz, msichana wa Isebania aliyependa kuchekesha watu, aliigiza kwa bidii mpaka akawa anatokwa na mate ya kweli. Lakini alipoinuliwa na Jacktone, hata Liz alinyamaza.

"Huyu jamaa akikushika," aliwaambia wenzake, "unasahau kwamba unaigiza. Unapona bila kupenda."

"Mnaona?" Madam alipiga makofi. "Nyinyi wengine mnaongea tu kama watangazaji wa redio. Mgonjwa wa kiharusi hatibiwi kwa mdomo! Mwili wake umesahau, mikono yako ndiyo itakayoukumbusha. Shika!"

Jacktone aliyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake akayapigia mstari mara mbili. Alikuwa na miaka ishirini na minne na aliamini mambo mengi mazuri, lakini hakuna alilolisadiki kama hilo. Aliipaka mikono yake mafuta asubuhi na jioni. Alikata kucha kila Jumamosi. Wenzake walipocheza mpira wa wavu, yeye alitazama tu, asije akateguka kidole.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo, katika hospitali moja ya Homa Bay. Kila mwanafunzi angepewa mgonjwa mmoja wa kiharusi, akae naye wiki sita, kisha mtahini aje kutoka nje kutazama. Alama zilikuwa mia, na arobaini kati ya hizo zilikuwa za kushika tu. Anayepata chini ya hamsini alirudia mwaka mzima.

Wagonjwa waligawiwa kwa kura, ili pasiwe na wa kuchagua walio wepesi. Asubuhi hiyo Jacktone alimwomba Mungu ampe mgonjwa mgumu, yule ambaye wengine wangemkimbia. Mengi aliyowahi kuomba maishani yalikuwa bado yako njiani. Hili lilijibiwa kabla ya saa nne.

Karatasi aliyoiokota ilisema: mwanamke, miaka hamsini na sita, mchuuzi wa samaki, upande wa kushoto hauna nguvu. Akaingia katika chumba cha mazoezi akisugua viganja ili vipate joto, akasogeza pazia. Kwenye kiti cha magurudumu alikuwa ameketi Mama Monicah, mamake Millicent.

Millicent alikuwa mchumba wake, msusi mwenye saluni ndogo pale pale Homa Bay. Miezi miwili tu kabla ya siku hiyo, Jacktone alikuwa amekwenda kwao Mbita na wajomba zake kupeleka ayie, ile bahasha anayokabidhiwa mama wa msichana kuonyesha kwamba amekubali. Rafiki zake walimshauri angoje mtihani uishe. Yeye akasema mapenzi hayangoji mtihani. Na tangu Mama Monicah alipoipokea bahasha ile, alikuwa maro wake, mama mkwe, na kwa Wajaluo mtu hamgusi maro. Hampi mkono. Haketi kitandani pake. Zamani hata njia walipishana, mmoja akiingia kichakani. Kanisa lilikuwa limelainisha mambo kidogo, na siku hizi mkwe na mama mkwe wanaweza kusalimiana kutoka mbali, kwa tabasamu. Lakini hakuna kanisa lililokuwa limelainika kiasi cha kumruhusu kijana amkamate mama mkwe wake nyonga kwa mikono miwili na kumtikisa kushoto na kulia, ambalo ndilo lilikuwa zoezi la siku ya kwanza.

Alijua mama ameugua. Alikuwa akituma salamu kila siku, akijua yuko Kisumu. Kumbe Ijumaa iliyopita Millicent alikuwa amemhamishia Homa Bay, katika hospitali ambako darasa la mchumba wake lingefanyia mtihani, wala hakumwambia Jacktone. Alitaka kumshangaza kwa habari njema.

Mama Monicah alipomwona, aliivuta leso kwa mkono wake mzima, akajifunika mpaka vifundoni na kugeukia dirisha. Jacktone akatazama sakafu, akasalimu kwa wingi wa heshima.

"Hamjambo, mama?"

"Hatujambo."

Walikuwa bado hivyo hivyo, mmoja dirishani na mmoja sakafuni, Madam Nchagwa alipopita, dakika ishirini baadaye.

"Ochieng! Mbona umesimama kama mlinzi wa benki? Mshike mgonjwa!"

Jacktone akamwomba watoke nje kidogo. Huko kwenye ukumbi akamweleza, na kumwomba abadilishane na Liz, ambaye bila shaka angekubali. Madam alimsikiliza huku akitikisa kichwa.

"Orodha imeshatumwa kwa mtahini, haibadilishwi. Na mimi nakushangaa, kijana msomi kama wewe. Hizi mila zimepitwa na wakati! Mkono wa mtaalamu hauna ukoo. Wewe ukivaa hii koti nyeupe, huna mama mkwe, huna..."

Simu yake ikalia. Madam akaitazama, akashtuka, akavuta sketi yake chini ya magoti. Akatoa kitambaa mfukoni, akajitanda kichwani haraka, akajibu kwa sauti nyembamba ya msichana wa kidato cha pili, macho chini, magoti yamekunjika kidogo. Aliyepiga alikuwa baba mkwe wake, akiwa Kehancha, mwendo wa saa kadhaa kutoka pale, akiulizia mbegu za mahindi. Alipomaliza alikunja kitambaa akakirudisha mfukoni.

"Nilikuwa nasema nini?"

"Kwamba mila zimepitwa na wakati, Madam."

"Ndiyo. Zimepitwa." Akafikiri kidogo. "Hebu nimuulize mwenyewe. Mgonjwa akikataa, hiyo ni haki yake, hapo nitaweza kubadilisha."

Jacktone akapata matumaini. Madam akaingia, akainama mbele ya kiti cha magurudumu. "Mama, huyu kijana ni mkwe wako, nimesikia. Ungependa tukupe mwingine?"

Mama Monicah angependa sana kupewa mwingine, lakini aliwaza. Mdomo wake ulikuwa bado mzito upande mmoja, na maneno yalitoka polepole. "Nikimkataa, watu watasema nini? Watasema mkwe wangu hajui kazi. Watasema binti yangu amechukua mtu bure. Hapana. Huyu huyu."

Naye Jacktone, akiwa nyuma ya pazia, hangeweza kumkataa mama mkwe aliyekataa kumkataa. Basi wakafungwa wote wawili kwa adabu.

Njia ilibaki moja tu. Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, Millicent alikuja kuwa mikono. Jacktone alisimama mita mbili kando, ubavu ukielekea dirishani, na kutoa maelekezo. Tatizo la pili likajitokeza hapo hapo: hata maneno hayakuwezekana. Kitabuni mgonjwa husogeza makalio, hutanua mapaja, huhamishia uzito kwenye nyonga. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtu anaweza kulitaja mbele ya maro wake.

"Mwambie mama," alianza siku ya kwanza, jasho likimtoka, "asogeze... mwambie asogee ukingoni mwa kiti. Kama mtu anayetaka kutoroka kanisani kabla ya sadaka."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia," alisema Mama Monicah, aliyekuwa amekaa katikati yao. Akasogea. "Mwambie mimi sijawahi kutoroka sadaka."

"Mwambie simsemi yeye. Sasa ili asimame, ainame mbele kwanza. Sana. Achungulie karai la samaki, kana kwamba mbuta wazuri wamewekwa chini kabisa."

"Mwulize nani ananiuzia."

"Mwambie ni mvuvi wa Mfangano."

"Yule anayeweka wazuri juu, wabovu chini?"

"Mwambie huyo huyo."

"Yawa! Kumbe hata yeye anamjua?" Mama Monicah akainama kwa hasira kuchungulia karai lisilokuwepo, na kwa mara ya kwanza tangu augue mwili wake ukainuka kutoka kitini, kiasi cha upana wa kiganja. Millicent, ambaye alikuwa amemshika, alitoa macho.

"Mimi sijamvuta, Jack! Walahi sijamvuta!"

Jacktone hakufurahi. Aliliona lile kama jambo la bahati, akawaza yote ambayo mikono yake ingemfanyia maro wake. Jioni hiyo aliandika daftarini: *Leo ameinuka kidogo. Kama ningemshika, angesimama.*

Ikaendelea hivyo. Kugeuza kiuno kukawa ni kumpa chenji mteja aliyesimama nyuma. Kuhamisha uzito kukawa ni kusikiliza umbea wa jirani wa meza ya kushoto. Mkono uliolegea ulitumwa kufukuza paka. Wagonjwa wengine waliopita waliwasikia watu watatu wakizungumza habari za samaki kwa bidii, bila samaki hata mmoja, na kijana mwenye koti jeupe akihutubia dirisha.

Kwa Liz mambo yalikwenda kama kitabu kinavyosema. Mgonjwa wake alikuwa Mzee Nicanor, mwalimu mkuu mstaafu, na Liz alimshika vizuri kabisa, kila kidole mahali pake. Mzee aliipenda mikono ile. Alijiachia juu yake kwa imani yote, kama gunia la mahindi, na kila wiki akawa mzito kidogo kuliko wiki iliyopita.

"Omera, ndugu yangu, wewe unapoteza mwaka wako," Liz alimwambia Jacktone walipokuwa wakila maandazi nje ya lango. "Alama arobaini si mchezo. Si umshike siku moja tu, ya mtihani? Mungu ataangalia kando."

"Mungu labda. Yeye hataangalia kando."

"Kwani anakuangalia? Si nyinyi hamwangaliani?"

Ilikuwa kweli hawakuangaliana, lakini Millicent alikuwa na habari nyingine. "Ukishatoka tu," alimwambia, "mama analala upande mmoja kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Lakini akisikia unakohoa huko nje, anakaa wima, anapangusa mdomo, anavuta leso. Hataki umwone amepinda." Jacktone aliposikia hivyo moyo ulimuuma, kwa sababu aliona anamsumbua mama wa watu. Hata hivyo akawa anakohoa ukumbini mara sita, mara saba kwa siku, mpaka muuguzi mmoja akampeleka kupimwa kifua kikuu.

Wiki ya nne, Mama Monicah alisimama kwa hesabu ya thelathini. Wiki ya tano alitembea hatua nne, Millicent akimshika mkono. Jacktone akaandika: *Kama ningemshika, zingekuwa kumi.* Kisha akakaa akiitazama mikono yake, imelainika kwa mafuta, haina kazi.

Siku ya mtihani alikuja Bwana Nyamweya, mtu mpole mwenye miwani, amebana fomu yake kwenye ubao. Wagonjwa walipangwa. Jacktone alikuwa wa tatu. Millicent akasogea karibu na mamake kama kawaida.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bwana Nyamweya.

"Ni binti yake, mwalimu. Ananisaidia..."

"Mtahiniwa ni wewe au ni yeye? Dada, kaa pale."

Millicent akaenda kukaa. Madam Nchagwa, nyuma ya mtahini, akafumba macho.

"Mama," Jacktone aliliambia dirisha, "mbuta wako chini."

Mama Monicah akachungulia karai na kusimama. Peke yake, bila mtu kumgusa. Bwana Nyamweya alishusha miwani, akapandisha. Mama akatembea hatua nne, tano, sita, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, mpaka kwenye alama ya chaki.

"Vizuri sana. Sasa mshike kiunoni, kulia na kushoto, umgeuze nikuone."

Jacktone hakusogea. Nyuma ya mtahini, Madam aliinua mikono yake miwili hewani na kushika kiuno cha mtu asiyeonekana, akakigeuza, mara ya pili, mara ya tatu, akimkodolea macho. Jacktone akaangalia kiatu chake.

"Unangoja nini?" aliuliza mtahini.

Mama Monicah akaona mkwe wake anaaibishwa. Akaamua kumwokoa kwa kugeuka mwenyewe. Alianza vizuri, lakini katikati kiatu kikanasa, bega la kushoto likashuka, mwili wote ukaanza kulala upande ule, na wote mle chumbani wakaona kwamba anakwenda chini.

Hapo Jacktone akasahau bahasha, akasahau wajomba, akasahau Mbita nzima. Aliruka kwa mikono yote miwili.

Mama Monicah, akiwa katikati ya kuanguka, akaona mikono ya mkwe wake inakuja moja kwa moja kiunoni pake.

"Yawa! Nyasaye! Mungu wangu!"

Akaruka nyuma. Akapiga hatua tatu za haraka, tap, tap, tap, mpaka mgongo ukagusa ukuta, akabaki amesimama hapo, anahema, leso ameibana kifuani. Mikono ya Jacktone ilibaki hewani, mitupu, kama ya mtu aliyeporwa sinia la chai.

Bwana Nyamweya akaandika kitu kwenye fomu na kuita mtahiniwa wa nne.

Matokeo yalitolewa adhuhuri, katika ofisi ndogo mwisho wa ukumbi. Liz alipata themanini na nane. Mzee Nicanor alikuwa bado kitini, akimpungia mkono kwa furaha. Jacktone alipata arobaini na nane. Maendeleo ya mgonjwa: alama zote. Kushika: sufuri.

"Na ni mgonjwa wa pekee aliyesimama mwenyewe leo," Madam alimwambia mtahini.

"Nimeandika hivyo. Lakini fomu inauliza alimshika vipi, Madam, na hakumshika." Bwana Nyamweya aligonga karatasi kwa kalamu. "Kuna mstari mmoja nimeuacha wazi. Utayari wa kumdaka mgonjwa anayeanguka, alama tano. Nilipokuwa nimekaa sikuona vizuri kama alikwenda kumdaka au alishtuka tu."

Kabla Jacktone hajasema neno, walisikia mlio ukumbini: hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Millicent alikuwa amemsimulia mamake habari ya matokeo, na mama alikuwa amekataa kiti cha magurudumu. Alikuja ameshika ukuta, binti yake nyuma akiwa amenyoosha mikono, akaingia na kusimama mbele ya meza.

"Nani hapa," alisema, "amemwangusha kijana wa watu kwa sababu ana adabu?"

Jacktone akageukia kalenda iliyokuwa ukutani.

"Umekuja wakati mzuri, mama," alisema Bwana Nyamweya kwa upole. "Jambo lenyewe ni dogo. Ochieng, niambie ukweli, na mama yuko hapa, ni shahidi. Ulipomrukia, ulitaka kumshika? Au ulishtuka tu?"

Mama Monicah alikuwa amekuja kumtetea, na sasa kwa kuwepo kwake jibu likawa gumu mara mia. Akisema alishtuka, heshima yake na ya maro wake ingetoka mle ofisini bila doa, na angerudia mwaka. Akisema ukweli, angefaulu kwa kukiri mbele ya mama mkwe wake kwamba alikusudia kumkamata kiuno. Madam Nchagwa aliangalia dari. Hata yeye, aliyefundisha kwamba mkono wa mtaalamu hauna ukoo, alionekana kutamani kutoka nje.

Tangu utotoni Jacktone alikuwa akiamini kwamba ukweli na adabu hukaa nyumba moja. Sasa aliitazama tarehe kwenye kalenda, asione ni ipi.

"Nilitaka kumshika," alisema. "Kwa mikono yote miwili. Na akianguka tena, nitataka tena."

Millicent alijifunika uso. Bwana Nyamweya akaandika tano, akajumlisha, akaandika hamsini na tatu na kuizungushia duara. Hakuna aliyempongeza mtu.

Mama Monicah alijishikiza kwenye ukingo wa meza. Ilikuwa wazi kwamba anatafakari jambo zito, na Jacktone alijua ni lipi: wajomba, Mbita, bahasha kurudishwa. Hatimaye mama akamgeukia binti yake.

"Mwulize," alisema polepole. "Nilipoona ile mikono inakuja. Nilikimbia kwa mguu gani kwanza?"

Millicent alifungua mdomo kurudia swali, lakini Jacktone hakungoja.

"Wa kushoto, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza katika wiki sita alikuwa anasema naye uso kwa uso. "Ulianza na wa kushoto."

Mama Monicah akauinamia mguu wake wa kushoto, akautazama. Kisha akaukanyaga sakafuni kwa nguvu, mara moja, kama mtu anayejaribu kiatu dukani kabla hajaamua.